Nukta ya Liwa na Miaka Thelathini na Minne ya Fundi Masilamani

Kabla sijaandika lolote kuhusu miaka thelathini na minne ambayo Fundi Masilamani ameitumikia karakana ya chuo chetu, na kabla sijaitaja tarehe 30 Novemba, siku aliyovua ovaroli yake na kuitundika kwa mara ya mwisho, kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Ile shafti ya pampu iliyotuaibisha mbele ya wageni mwezi wa Oktoba haikuharibiwa na macho ya Fundi Masilamani. Niliiharibu mimi. Macho yake ni mazima.

Najua wasifu wa mstaafu hauanzi hivi. Nimesoma zote zilizowahi kutoka katika jarida hili, kuanzia ule wa mlinzi wa lango hadi ule wa mkutubi, ili nione zinavyoandikwa. Hutangulia miaka ya utumishi, yakaja mafanikio, kisha kichekesho kimoja au viwili. Vyote hivyo ninavyo na nitavifikia. Ila ningevitanguliza, nisingefika kwenye hili la kwanza. Najijua.

Profesa Thenmozhi, mkuu wa idara ya mitambo, alinipa kazi hii kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu walimu wote walikuwa wakisahihisha mitihani. Mimi ni Yazhini, wa stoo ya karakana. Nilimaliza shule mwezi wa Machi, nikaanza kazi hapa Julai kwa majaribio ya miezi sita. Mama yangu wengi mnamjua, ndiye anayepika katika bweni la wasichana.

Fundi Masilamani ni mtu wa upande wa Tenkasi. Alikuja hapa mjini Kovai akiwa kijana, akafanya kazi katika kiwanda cha kusokota nyuzi mpaka kilipofungwa. Siku alipofika langoni kwetu alikuwa na barua moja na tupa yake mwenyewe, ameifunga kwa kitambaa kama mtu anayebeba kitoto kichanga. Msimamizi wa karakana wa wakati ule aliisoma barua akasema nafasi hakuna. Kisha akaiona tupa, jinsi meno yake yalivyosafishwa moja baada ya jingine, akasema: haya, njoo kesho. Alianza kama msaidizi, akawa fundi, na kwa miaka kumi na tisa ya mwisho alikuwa msimamizi mwenyewe.

Wanaosoma hapa wanajua kwamba hakuna anayemaliza mwaka wa mwisho kwa karatasi peke yake. Kila kundi la wanafunzi hupewa tatizo la kweli na mtu wa kweli, kampuni au chama cha ushirika, na kabla mwaka haujaisha lazima watengeneze kitu kinachofanya kazi. Walimu hutoa alama. Fundi Masilamani aliwaambia kila mwaka maneno yaleyale: "Mwalimu anaweza kukuonea huruma. Chuma hakikuonei. Kinakubali au kinakataa, basi."

Hakuna aliyeruhusiwa kugusa mashine ya kukereza kabla hajachonga kwa tupa mchemraba wa chuma, kwa mkono, mpaka pande zake sita zikae sawa na mwanga usipenye chini ya rula. Wengine iliwachukua wiki tatu. Kathiravan, ambaye nitamtaja tena, ilimchukua tano. Nilikuwa stoo nikiwasikia kila siku.

"Bwana mdogo, hiyo ni tupa, si mswaki! Usisugue, sukuma!"

"Fundi, mikono imechubuka."

"Vizuri. Mikono imeshajua kwamba chuma ni kigumu. Sasa kakiambie na kichwa."

"Kwani kuna mashine ya nini, kama tunachonga kwa mikono kama watu wa zamani?"

"Mashine ni ya kufanya makosa haraka. Jifunze kwanza kuyafanya polepole."

Vichekesho vyake ni vingi kuliko kurasa nilizopewa. Kuna mwaka kundi moja lilitengeneza kigari cha kubebea mbolea, wakafunga gia kinyume, na asubuhi ya maonyesho kigari kikaenda kinyumenyume mpaka kwenye maua ya mkuu wa chuo. Wanafunzi walikuwa karibu kulia. Fundi alikitazama, akafungua boliti nne, akageuza kiti cha dereva, akasema, "Sasa kinakwenda mbele." Wageni walipiga makofi. Kigari hicho bado kinatumika shambani huko Karamadai, na dereva wake hajui kama kiliwahi kukosewa.

Kuna pia mashine ya kusokota kamba za makumbi. Hii si kichekesho, ingawa watu huicheka. Chama cha akina mama wa upande wa Pollachi kilituletea tatizo hilo miaka kumi na mmoja iliyopita, na tangu hapo kila kundi limelirithi kutoka kwa kundi lililotangulia. Mashine inasokota vizuri, kamba inatoka laini, halafu ikifika kama mita arobaini inakatika. Akina mama hawajakata tamaa. Kila mwaka hutuma kapu la nazi na kikaratasi chenye neno moja: "Bado?" Fundi hurudisha kapu tupu na jibu lake: "Bado kidogo." Mwezi wa Agosti aliomba aongezewe miaka miwili kazini. Aliniambia ni kwa ajili ya ile kamba. "Miwili inatosha," alisema. "Nimeshajua inakatikia wapi. Sijajua kwa nini."

Sasa kabati. Nyuma ya karakana, pembeni ya jiwe la kunolea, lipo kabati la chuma ambalo wanafunzi huliita Kabati la Marehemu. Ndani yake kuna kila kifaa kilichoharibiwa na mwanafunzi tangu Fundi apewe usimamizi, na kila kimoja kina kibandiko chenye jina, mwaka, na sababu. Sababu ndiyo aliyoing'ang'ania. Mtu akiandika "bahati mbaya" alirudishiwa kibandiko chake. "Kabati hili halipokei uongo," alisema. "Chuma kimekufa, angalau kifo chake kiandikwe sawasawa." Wahandisi wanaoanza kuota mvi huja hapa na watoto wao kuwaonyesha makosa yao. Profesa Thenmozhi naye yumo: gurudumu la meno lenye meno arobaini na moja badala ya arobaini, na mwandiko wake wa usichana, "Nilihesabu nikiongea." Natumaini hatakasirika kwamba nimelitaja. Fundi alijivunia gurudumu lile kuliko vyeti vyote vilivyotundikwa ofisini kwake.

Jambo jingine mnalotakiwa kulijua ni daftari la stoo. Maikromita, kile kipimo cha midomo miwili kinachopima mpaka sehemu moja ya mia ya milimita, haitoki stoo hivihivi. Inafungwa kwanza mbele ya anayeiazima, midomo ikutane, na lazima isome sifuri. Isiposoma sifuri ikiwa tupu, itadanganya ikiwa imeshika kitu. Ikisoma, mtu wa stoo anaweka alama ya vema katika safu ya mwisho ya daftari, safu iitwayo Sifuri. Fundi aliichora safu hiyo kwa mkono wake katika kila daftari. Siku yangu ya kwanza hakunifundisha kitu kingine. "Hiyo alama si wino, binti," alisema. "Ni ahadi. Mtu atakata chuma kwa kukuamini wewe."

Kisha, mwezi wa Oktoba, ikaja Sikukuu ya Zana, siku ambayo kila mwaka zana hulazwa zipumzike na kupakwa nukta ya baraka.

Kazi ya kuzipaka zana mwaka huu ilikuwa yangu. Tuliziosha zote, tukazipanga juu ya kitambaa cheupe, tukazivisha mashine mashada ya maua ya njano. Fundi alinipa bakuli la liwa ya msandali na kisahani cha unga mwekundu. "Mpake kila mmoja," alisema, "usimsahau mtu." Kisha akaondoka na ngazi kwenda kufunga migomba mlangoni. Vipimo havipakwi mwilini. Nukta yake huwekwa juu ya kasha. Kila mtu hapa anajua. Mimi nilikuwa na miezi mitatu tu na sikuuliza. Kuuliza mbele za watu ni jambo linalonishinda. Nilipaka nyundo kwenye kichwa, spana kwenye shingo, jiliwa kwenye taya. Nilipofika kwenye maikromita nilitafuta uso wake. Niliona kile kiduara kidogo kinachong'aa ndani ya mdomo, nikakiona kama kipaji cha uso, nikakiwekea nukta. Nilifurahi kwamba sikumsahau mtu.

Siku ile zana zimelala hakuna anayezigusa. Ndiyo siku Kathiravan alipogundua kwamba shafti ya pampu yao ina mkwaruzo. Pampu hiyo ilikuwa ya kampuni iliyotupa kazi za wanafunzi kwa miaka sita mfululizo, na wahandisi wake walikuwa wanakuja kuiona keshokutwa yake. Alimfuata Fundi kwenye bisi za mchele na dengu, sote tukiwa tumekaa sakafuni tunakula.

"Fundi, nipe mashine saa moja tu. Saa moja!"

"Mashine imelala."

"Naiamsha polepole. Haitajua."

"Itajua. Wewe ukiamshwa saa kumi alfajiri hujui?"

"Lakini wageni, Fundi! Tarehe yao!"

"Tarehe yao ipo ukutani tangu Juni. Hukuiona mpaka leo, na macho unayo." Watu walicheka, Kathiravan mwenyewe akacheka. Fundi akamsogezea dengu. "Kula. Kesho zana zikiamka, wewe ndiye wa kwanza. Nami nitakuwa hapo nikupimie."

Ila kesho yake hakuwapo. Feni ya jukwaa katika ukumbi wa wageni ilikuwa inapiga kelele, mkuu wa chuo akamwita, na asubuhi yote ikapita akiwa juu ya ngazi. Kabla ya kwenda alichungulia stoo.

"Yazhini. Daftari."

"Ndiyo, Fundi."

"Safu ya mwisho."

"Ndiyo, Fundi."

Nilikuwa nimezipangusa zana zote kwa kitambaa asubuhi hiyo. Maikromita niliipangusa nje, ikang'aa. Watu walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja anataka chombo chake akifanyie kazi kidogo ili mwaka mpya wa zana uanze vizuri, na visahani vya vitamu vilikuwa vinapita juu ya vichwa. Kathiravan alikuwa mbele.

"Dada wa stoo, haraka, kabla Fundi hajarudi na hotuba ya sifuri!"

Nyuma yake walicheka. Nami nilicheka, na sikuzoea kucheka na watu wengi hivyo. Nikaweka alama ya vema. Sikuifunga ile midomo.

Liwa ikikauka ni nyembamba kuliko unyoya, lakini si kitu kisichokuwapo. Maikromita ilishika shafti pamoja na ile liwa na kusoma kubwa kuliko ukweli. Kathiravan akaendelea kukata mpaka kipimo kikasema milimita ishirini na tano kamili. Shafti ilikuwa imeshapungua. Tena alikata vizuri sana, nataka hilo liandikwe. Alikuwa mtu wa mchemraba wa wiki tano na mkono wake ulikuwa umeiva.

"Jamani, njooni muone!" nilimsikia akiita. "Beringi imeingia yenyewe! Kwa kidole, bila nyundo!"

"Baraka za sikukuu," alisema Oviya, mwenzake katika kundi, akachukua unga mwekundu uliobaki akaipaka pampu tumboni. Waliniletea laddu, donge la kitamu, kama shukrani. Nililila.

Beringi, ile pete ya chuma inayoishika shafti, haiingii kwa kidole. Inatakiwa ikatae kidogo, igongwe. Fundi angekuwa karibu angejua kwa kusikia tu kwamba hakuna mlio. Aliporudi mchana, pampu ilikuwa imeshafungwa na kupakwa rangi.

"Mmepima?"

"Ishirini na tano kamili, Fundi."

"Sifuri?"

Kathiravan alininyooshea kidole. "Daftari linasema."

Fundi alinitazama. Nikatikisa kichwa kuitikia. Aliridhika. Hakuifungua pampu kwa sababu aliniamini mimi.

Yaliyofuata wengi mliyaona. Pampu ilizunguka dakika nne. Kisha ikaanza kulia, ikatoa harufu ya grisi iliyoungua, shafti ikazunguka yenyewe ndani ya beringi kama kidole ndani ya pete kubwa, na bomba likachomoka likamlowesha mhandisi mkuu wa kampuni kuanzia ukosi hadi viatu. Barua yao ilikuja baada ya wiki, ya heshima sana. Walisema hawataleta tena kazi za wanafunzi mpaka usimamizi wa karakana uangaliwe upya.

Siku ya pili baada ya maonyesho Fundi alikuja stoo peke yake. Nilikuwa nyuma ya rafu ya misasa, na hakuniona, au nilidhani hakuniona. Alichukua maikromita, akaifunga, akaisoma. Akaifungua. Akaipeleka puani. Alikaa nayo hivyo kwa muda, akinusa. Kisha akapitisha karatasi safi katikati ya midomo yake, akaitazama ile karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na mstari mdogo wa rangi ya manjano. Aliikunja akaiweka mfuko wa shati, akachukua daftari, akachukua penseli sikioni. Sikuona alichoandika.

Nilikiona kesho yake. Profesa Thenmozhi alimwita Fundi na daftari, nami nikatumwa kupeleka kahawa. Daftari lilikuwa wazi mezani. Pembeni ya alama yangu ya vema palikuwa na herufi M kwa penseli.

"Fundi, hii herufi ni yako?"

"Yangu, Profesa."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeifunga ukaona sifuri."

"Asubuhi, kabla sijaenda ukumbini. Niliona nilichotaka kukiona. Macho yamechoka. Miaka thelathini na minne ya kutazama cheche si mchezo."

Profesa alilifunga daftari. "Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba sifuri haidanganyi."

"Haidanganyi. Anayedanganya ni mtazamaji." Kisha akageuka. "Yazhini, kahawa inapoa. Weka."

Niliweka. Nikatoka. Hayo ndiyo niliyoyafanya siku ile: niliweka kahawa nikatoka.

Siku iliyofuata nilijaribu. Nilimfuata penye jiwe la kunolea.

"Fundi, ile maikromita..."

"Ile maikromita ni nzima. Nimeikagua."

"Lakini Fundi, mimi ndiye..."

"Yazhini." Hakunitazama. Alikuwa ananoa patasi. "Mimi naondoka hata hivyo. Ikiwa si leo, ni baada ya miaka miwili. Wewe ndiyo kwanza umefika. Niletee msasa namba mbili."

Nikaenda kuleta msasa. Nimefikiria sana tangu siku hiyo kwamba ningeweza kurudi bila msasa.

Ombi lake la miaka miwili lilirudi kutoka kwa mkuu wa chuo likiwa limekataliwa kabla Oktoba haijaisha. Hakuna anayelaumiwa kwa hilo. Mtu amesema mwenyewe kwamba haoni, na kampuni imeandika. Lakini wiki hiyohiyo aliyosema macho yamechoka, alinipigia kelele kutoka lango kuu, mimi nikiwa mlangoni mwa karakana: "Binti, kandambili ya kushoto inakatika!" Niliinama nikatazama. Uzi mmoja ulikuwa umeachia.

Sherehe ya kumuaga mlikuwapo. Alivishwa shada na shali, tukala kwenye majani ya migomba, Kathiravan akalia bila kuficha na kusema ni pilipili. Zawadi ya wafanyakazi ilikuwa miwani, ya bei, ndani ya kasha zuri la ngozi. Nilichanga na mimi. Fundi aliivaa palepale, akashukuru, akasema sasa ataziona hata dhambi zetu. Alisema pia kwamba mashine ya kamba apewe mtu mwenye subira, na kwamba akina mama wa Pollachi waendelee kujibiwa. Basi, hotuba yote ndiyo hiyo. Akashuka jukwaani akipapasa ngazi kwa mguu, watu wakashikana mikono kwa huruma wakisema, maskini, kweli macho yamekwisha. Nilimfuata hadi kituoni nikimbebea shada. Alipofika kwenye kona, pale ambapo chuo hakionekani tena, aliivua miwani, akaifuta, akairudisha kwenye kasha, akatazama mbali barabarani. "Basi namba kumi na moja linakuja," alisema. Mimi sikuona basi lolote. Baada ya muda likaja, na lilikuwa namba kumi na moja.

Juzi, kabla ya kuondoka, aliiweka ile shafti katika Kabati la Marehemu. Kibandiko chake kilikuwa kwa mwandiko wake mwenyewe: "Masilamani. Sababu: macho." Katika kabati lote, lenye makosa ya miaka kumi na tisa, huo ndio uongo pekee, na ni yeye aliyeuandika.

Leo asubuhi, treni ya Tenkasi ilipokwisha ondoka, nimekibandua. Nimeandika kipya: "Yazhini, stoo. Sababu: liwa kwenye midomo ya maikromita, na sifuri ambayo sikuitazama." Cha kwake nimekihifadhi. Majaribio yangu yanakwisha Desemba, na Profesa ataamua anavyoona haki. Sitaomba chochote katika hilo. Ninachoomba ni kwamba kampuni iandikiwe upya, waambiwe kwamba usimamizi wa karakana hii haukuwa na kasoro. Mtu wa stoo ndiye aliyekuwa nayo.

Fundi Masilamani, kwa niaba ya wote uliowafundisha kusukuma tupa badala ya kuisugua, na kwa niaba ya chuma chote ulichokitendea haki, tunakushukuru. Tunakuombea miguu yenye nguvu, usingizi mzuri, wajukuu wasiosikia ili usikose kazi, na kila unachokipima huko nyumbani kianze na sifuri.

Nanyi mnaosoma, nawaomba kitu kimoja. Ninayelipeleka jarida hili kwa mpiga chapa ni mimi, na nimehakikisha linatoka Jumatatu, Fundi akiwa ameshafika kwake Tenkasi. Halifiki huko. Wengi wenu mnayo namba yake ya simu, na najua mtatamani kumpigia. Msimpigie kwa hili. Yeye anaamini kwamba alinificha na kwamba nimefichika, na ndicho kitu cha mwisho alichokitengeneza katika karakana hii. Mkuu wa chuo akiona vema kumwita tena, amwite kwa sababu ya kamba ya mita arobaini. Liwa asiitaje. Na siku akija kututembelea, kama wanavyokuja wazee wote, akaomba afunguliwe lile kabati, mwambieni Yazhini ametoka na ufunguo.